Ugonjwa Si Ushahidi



Mwezi huu tutazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi halitajwi kwa sauti. Ni ule ugonjwa wa muwasho na uchafu mweupe unaowapata akina mama katika sehemu za siri. Hospitalini huitwa kandida. Wengine huuita fangasi, na wengine hawaupi jina lolote, hunyamaza tu. Mimi si daktari. Ni katekista, na kazi yangu ni kuwaandaa vijana kwa sakramenti ya Ndoa na kuwasikiliza waliokwisha kuipokea. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu hapa kwetu Lanet, kama kwingineko, unaweza kuwa mdogo mwilini na bado ukaingiza nyumbani swali kubwa: “Umeutoa wapi?”

Swali hilo linaweza kuulizwa kwa namna mbili. Mume anaweza kuliuliza kama mtu anayetaka kumsaidia mgonjwa wake. Anaweza pia kuliuliza kama hakimu ambaye amekwisha kuandika hukumu, na sasa anangoja tu mshtakiwa akiri. Hebu tutazame pamoja: je, mtu wa ndoa anayo haki ya kuugeuza ugonjwa wa mwenzake kuwa ushahidi dhidi yake? Na kama hana haki hiyo, anadaiwa nini?

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuujue ugonjwa, maana mambo mengi tunayoyahukumu vibaya ni yale tusiyoyajua.

Kandida ni chembe hai ndogo sana, za jamii moja na hamira tunayotia katika unga wa mandazi. Hazitoki mbali. Watu wengi wenye afya njema wanazo kinywani, tumboni na katika ngozi, na wanawake wengi wanazo ukeni, bila kudhurika hata kidogo. Mama anayepika anajua kwamba hamira ikikaa kwenye pakiti yake kavu haifanyi lolote. Ikikutana na maji ya vuguvugu na sukari, unga unaumuka. Ndivyo ilivyo kandida. Mwili ukiwa na mizani yake, hutulia. Mizani ikiharibika, huzaana kupita kiasi, na hapo ndipo muwasho huanza, pamoja na wekundu, maumivu wakati wa kukojoa au wakati wa tendo la ndoa, na uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, ambao kwa kawaida hauna harufu kali.

Ni nini kinachoharibu mizani hiyo? Mara nyingi ni dawa za antibiotiki. Mama ameugua kifua, amepewa vidonge, kifua kimepona. Lakini vidonge vile vimeua pia bakteria wema wanaoulinda uke, na kandida ikapata nafasi. Sababu nyingine ni ujauzito, kwa ajili ya mabadiliko ya homoni. Nyingine ni kisukari kisichotunzwa vizuri. Nyingine ni dawa za jamii ya steroidi, au kinga ya mwili iliyodhoofika. Hutokea pia kwamba hakuna sababu yoyote inayoonekana.

Inakadiriwa kuwa wanawake watatu kati ya wanne hupatwa na ugonjwa huu angalau mara moja maishani. Wanaupata mabikira, wanaupata wajane waliokaa peke yao miaka mingi, na watawa pia wanaweza kuupata. Kwa sababu hiyo madaktari hawauhesabu miongoni mwa magonjwa ya zinaa, na mama akiugua, kwa kawaida mumewe hahitaji kutibiwa, isipokuwa yeye mwenyewe akiwa na dalili.

Basi, bwana uliyekuwa umekunja uso, soma tena maneno hayo polepole. Vidonge vya kifua. Mimba yako mwenyewe uliyompa. Sukari katika damu. Haya ndiyo majibu ya kawaida ya lile swali la “umeutoa wapi.”

KWA NINI TUNAHUKUMU UPESI

Hata hivyo nisiwalaumu watu bila kutazama walikotoka. Ugonjwa wa ukimwi ulitambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na kufikia Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Uganda inapita hapa Lanet, na sisi tulio kando yake tulizika watu. Miaka ile watu wa kawaida walijifunza kusoma dalili. Utando mweupe kinywani, ambao nao husababishwa na kandida, ulikuwa mmoja wa dalili zilizonong’onezwa. Mtu akionekana nao, majirani walikwisha kumaliza kesi. Kizazi kilichokua katika hofu hiyo kimebaki na mazoea ya kuuangalia mwili wa mtu kama karatasi ya mashtaka.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli. Lakini mkulima wa huku kwetu ameyaona mawingu mangapi yakijikusanya juu ya Menengai, yakatia giza mchana kutwa, kisha yakapita bila tone moja? Dalili hutuambia tutazame. Haituambii tulichokiona.

Na watu wa Nakuru, kuliko wengine wote, tungepaswa kulielewa jambo hili. Wengi wetu tuliozaliwa na kukulia katika Bonde la Ufa tuna meno ya rangi ya kahawia. Mgeni akituona anaweza kudhani hatupigi mswaki, au kwamba tulilelewa na akina mama wachafu. Sababu hasa ni maji. Miamba ya volkeno ya bonde hili inatia madini ya floridi katika maji ya visima, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaumbika ardhini mwa ufizi hutoka na meno yenye madoa asiyoweza kuyasugua yakatoka. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya huku hupita kiasi hicho. Jimbo letu Katoliki la Nakuru, kupitia mradi wake wa maji, lilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili kuipunguza floridi hiyo.

Angalieni sasa. Doa ni la kweli, jino ni la kahawia kweli, wala macho ya mgeni hayakumdanganya. Kilichomdanganya ni ile hatua aliyoiruka, kutoka kwenye jino mpaka kwenye tabia ya mtu. Jimbo halikuanza kwa kuwakemea watu wapige mswaki. Lilianza kwa kuyapima maji. Sisi tunaoumia tunapohukumiwa kwa meno yetu, tutawezaje kuwahukumu wake zetu kwa muwasho?

NENO LA KANISA

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoifafanua Amri ya Nane, inataja dhambi ya hukumu ya haraka. Anaitenda yule anayekubali, hata kimoyomoyo tu, kwamba jirani yake ametenda ovu, bila kuwa na msingi wa kutosha. Sikilizeni hilo “hata kimoyomoyo.” Wengi hudhani kwamba kama hawakumpiga mke wala kumtukana, hawakukosa. Lakini yule anayelala kitanda kimoja na mwenzake, na moyoni amekwisha kumhukumu kuwa mzinzi kwa sababu ya uchafu mweupe, amekwisha kumshuhudia uongo.

Biblia yetu inatupa kisa cha Susana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimsingizia uzinzi, na watu wote wakawaamini kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Danieli aliyekuwa kijana alifanyaje? Aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja: ni chini ya mti gani uliwaona? Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukadhihirika. Aliyemwokoa Susana alikuwa mtu aliyekataa kuhukumu kabla ya kuuliza swali lililo wazi, lenye jibu linaloweza kupimwa.

Tazameni pia Mtakatifu Yosefu. Aliona kwa mchumba wake ishara iliyo nzito kuliko muwasho wowote, kwa maana alikuta ana mimba. Kwa desturi ya watu wake angeweza kumwaibisha hadharani. Maandiko yanamwita mwenye haki, na haki yake ilionekana hasa katika kukataa kumwanika. Alinyamaza, akafikiri, akalala na swali lake, na Mungu akamjibu. Angelipiga kelele jioni ile, angalikuwa amemshtaki Mama wa Mungu.

JE, TUFUMBE MACHO?

Hapa msomaji mmoja ananipinga. Anasema: “Katekista, unatufundisha ujinga. Yako magonjwa ya zinaa ya kweli. Uko uzinzi wa kweli. Unataka mtu aibiwe akiwa anatabasamu?”

Pingamizi hilo ni la haki, na linastahili jibu. Kuaminiana si kufumba macho. Yako magonjwa mengine ya uke yanayofanana na kandida kwa mtu asiyejua. Uchafu wa kijivu wenye harufu ya samaki mara nyingi ni ishara ya bakteria waliokosa mizani, tatizo jingine lenye dawa yake. Uchafu wa rangi ya manjano au kijani, wenye povu na harufu, unaweza kuwa trikomona, na huo huambukizwa kwa kujamiiana. Tena wanawake wengi wanaojipima wenyewe nyumbani na kusema “ni kandida” hukosea. Kwa hiyo sisemi msitazame. Nasema mkatazamwe na anayejua kutazama. Nesi au afisa wa kliniki atauliza, atachunguza, na penye maabara ataangalia chembe hizo kwa hadubini. Jibu la hadubini litakuwa kweli kuliko la jirani.

Na hata ugonjwa ukiwa ni wa zinaa, bado jibu la nani na lini halijapatikana. Trikomona inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili yoyote, hasa kwa mwanamume. Mume anaweza kuwa ndiye aliyeuleta bila kujua, na sasa yeye ndiye anayepiga meza. Kwa hiyo, ugonjwa wa zinaa ukipatikana, wote wawili hupimwa na wote wawili hutibiwa. Ukweli mchungu ukijitokeza, uko wakati wake wa machozi, wa kitubio na wa kumwendea paroko. Lakini uwe ni ukweli uliopimwa, na usiwe dhana.

Iko pia sababu nyingine ya kutofumba macho. Kandida inayorudi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja inataka kupimwa sukari na virusi vya ukimwi. Vivyo hivyo mume mwenye muwasho na wekundu kwenye kichwa cha uume usioisha, apime sukari, kwa maana kisukari kwa wanaume wengine hujitangaza kwa njia hiyo. Ninawaomba muende pamoja. Na ikiwa virusi vitapatikana, navyo pia si hati ya mashtaka. Dawa za kupunguza makali zimekuwa zikitolewa bure katika hospitali za umma za Kenya tangu mwaka 2006, na mtu anayezimeza sawasawa anaweza kuishi na kuwalea wanawe.

Tofauti kati ya swali na shtaka basi ni ipi? Anayeuliza yuko tayari kupokea jibu lolote, hata lile linalomwonyesha kuwa alidhania vibaya. Anayeshtaki anasubiri jibu moja tu. Jipime hapo, ndugu yangu, kabla hujafungua kinywa.

KUMTIBU MTU MZIMA

Siku hizi wako wauzaji wengi wanaosema wanatibu “mtu mzima,” yaani mwili wote pamoja na roho, na siyo sehemu moja tu. Wanasimama ndani ya basi na mikoba yao, wanaweka meza sokoni, wanabandika karatasi kwenye nguzo. Wanasema kandida imeenea katika damu yako yote, ndiyo sababu unachoka, unaumwa kichwa, una huzuni na hushiki mimba. Wanakuuzia unga wa kusafisha damu na kukukataza vyakula ishirini.

Fundisho hilo si la huku. Lilienezwa sana na daktari mmoja wa Marekani, William Crook, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 kiitwacho The Yeast Connection. Mwaka 1990 jarida la madaktari la New England lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wanawake 42 walioaminiwa kuwa na hali hiyo. Walipewa nistatini, dawa inayoua kandida, na kwa zamu nyingine dawa bandia, bila kujua ni ipi. Nistatini ilipunguza muwasho wa ukeni kuliko ile bandia. Lakini kwa uchovu, huzuni na maumivu ya mwili, haikuishinda. Dawa ilitibu kandida mahali ilipokuwa, na yale mengine yalikuwa na sababu nyingine iliyopaswa kutafutwa.

Na sisi wa Afrika Mashariki tunalo somo letu wenyewe. Mwaka 2011 umati wa watu, wakiwamo Wakenya wengi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za huko. Walikwenda na kisukari, ukimwi na mengineyo. Sitawacheka, kwa maana aliye na maumivu hutafuta. Hatari ilikuwa kwa wale waliorudi nyumbani wakaacha insulini na dawa zao wakiamini wamekwisha kupona, na madaktari waliwasihi wasifanye hivyo.

Je, mitishamba ni mibaya? La. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa uwezo wa Mungu, na kwamba tabibu naye ameumbwa naye, tumpe nafasi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inautambua uganga wa jadi na tiba mbadala. Swali siyo kama dawa imetoka mtini au kiwandani. Swali ni kama anayeiuza anakubali ipimwe, na kama anakuruhusu uende hospitali.

Basi, kumtibu mtu mzima ni nini kwa Mkristo? Ni kumtunza mwili, akili, roho na nyumba yake kwa pamoja. Tuanze na mwili. Kandida ya kawaida hutibiwa kwa dawa zisizo ghali: tembe za klotrimazoli za kuingizwa ukeni, au kidonge cha flukonazoli cha kumeza, kwa kipimo atakachosema mhudumu wa afya. Mama mjamzito asimeze flukonazoli kwa kujinunulia. Yeye hupewa zile tembe za kuingiza, kwa kawaida kwa siku saba. Maliza dozi hata kama muwasho umekwisha.

Sehemu ya siri ioshwe kwa nje, kwa maji safi tu. Ndani ya uke hujiosha wenyewe. Sabuni yenye manukato, dawa za kuua viini, siki, ndimu na kitunguu saumu visiingizwe humo, maana huunguza na kuvuruga ile mizani tuliyoitaja. Chupi za pamba zisizobana zinasaidia, na kubadili nguo zilizolowa jasho. Maziwa ya mala ni chakula kizuri, yanyweni kwa ugali na mboga, lakini si dawa ya kupaka. Mwenye kisukari akiitunza sukari yake amekwisha kufanya nusu ya tiba. Na antibiotiki zisinunuliwe kiholela kila mtu anapokohoa.

Hayo ni ya mwili. Lakini mama anayewashwa usiku kucha, na asubuhi anaogopa kutazamwa machoni na mumewe, hajatibiwa hata akimeza kidonge. Sehemu ya tiba iliyobaki iko mikononi mwa mume, wala haiuzwi dukani.

KITANDA NA MAPATANO

Wako waume wanaosema, “Ni haki yangu,” wakimnukuu Mtakatifu Paulo nusu nusu. Paulo, katika sura ya 7 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba mwili wa mke ni wa mume, na papo hapo kwamba mwili wa mume ni wa mke. Sasa fikiri: kama mwili huo ni wako, basi na maumivu yake ni yako. Hakuna mtu anayeuchapa mguu wake mwenyewe wenye kidonda ili utembee. Paulo anaruhusu pia wanandoa wajizuie kwa muda, kwa mapatano. Na Mtakatifu Papa Paulo wa Sita, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba tendo la ndoa linalolazimishwa bila kujali hali ya mwenzi si tendo la kweli la upendo. Siku chache za kungoja mke apone ni sehemu ya ndoa, sawa na siku za furaha.

Wale mnaofuata mpango wa asili wa uzazi mna faida hapa. Njia ya Billings ilianzishwa na daktari John Billings wa Australia, na mkewe Evelyn, daktari pia, akafanya naye kazi. Inamfundisha mke kuutambua ute wake wa kawaida. Ute wa siku za rutuba huwa mwangavu, unateleza na kuvutika kama ute wa yai. Uchafu wa kandida ni mzito, umegandamana, na unawasha. Mume na mke wanaojaza chati pamoja kila jioni wataona mabadiliko mapema, na wataliona kama jambo la wote wawili. Kumbukeni tu kwamba dawa zinazoingizwa ukeni huvuruga alama za ute, kwa hiyo msiitegemee chati mpaka tiba iishe.

NENO KWA AKINA MAMA

Mama, nawe una wajibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Najua kwa nini unaficha. Unaogopa lile swali. Lakini mume asiyeambiwa kitu, akaona tu kwamba anakataliwa usiku baada ya usiku, ataanza kukisia, na dhana ni chachu. Kidogo tu huumua donge zima. Mwambie mapema, mchana, mkiwa mmetulia: “Baba, ninaumwa mahali fulani, nataka twende wote hospitali.” Maneno hayo hayahitaji zaidi ya dakika moja. Na ikiwa yeye ndiye mwenye muwasho, mpe ile heshima unayoitaka wewe. Mume aliye dereva wa masafa, au askari aliyerudi kutoka kazini baada ya miezi mingi, naye asihukumiwe mlangoni kwa sababu ya wekundu tu. Sheria ya kupima kabla ya kusema ni ya wote wawili.

Siku ya arusi mliahidiana kupendana na kuheshimiana katika afya na katika maradhi. Wengi hudhani “maradhi” ni yale makubwa, ya kulazwa na kuombewa na jumuiya nzima. Lakini ahadi hiyo hupimwa zaidi katika maradhi madogo, ya aibu, ambayo jumuiya haiwezi kuambiwa na ni mmoja tu duniani anayeweza kuyajua. Mmoja huyo ni wewe. Ukigeuka hakimu, mgonjwa wako hana mwingine wa kumwendea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, kuna ugonjwa wowote ambao ninaogopa kumwambia mwenzangu? Ninaogopa nini hasa?

2. Ninapomwuliza mwenzangu swali gumu, je, niko tayari kwa jibu lolote, au nimekwisha kuhukumu?

3. Mara ya mwisho tulipokwenda hospitali pamoja kwa ajili ya mmoja wetu ilikuwa lini?

Mungu azibariki nyumba zenu, na Mtakatifu Yosefu awafundishe akina baba kunyamaza kwa wakati na kuuliza kwa upendo.